Vitabu Kumi vya Profesa Noh

Kila mwaka, joto la Agosti likishavunjika na watu kuanza kuambiana kwamba msimu wa kusoma umefika, gazeti moja kubwa la Seoul lilichapa orodha ya Profesa Noh Kyong-suk. Vitabu kumi kuhusu sayansi, jamii na maisha ya umma. Ulikuwa ukurasa mzima, na picha yake juu: nywele fupi za mvi, miwani, kidole shavuni, kama mwanamke aliyekatizwa katikati ya wazo zito. Wakurugenzi walivinunua vyote kumi wakavipanga nyuma ya viti vyao. Maktaba za wilaya zilivichukua kwa maboksi. Kina mama walivinunua ili watoto wao wavione mezani wakipita kwenda kulala.

Siri ya orodha hiyo, ambayo kila aliyekuwa kwenye kazi ya vitabu aliijua na hakuna aliyeitamka, ni kwamba Profesa Noh mwenyewe alikuwa amesoma vitatu. Mwaka wa neema, vinne.

Tusimwonee peke yake. Huku kitabu hakitoki uchi dukani. Hufungwa mshipi wa karatasi kiunoni, na juu ya mshipi hubandikwa uso wa msomi na sentensi zake mbili za sifa. Basi mwandishi humtafuta msomi aliyepita chuo kilekile alichopita yeye. Mwandishi akiwa alimtangulia msomi huyo kuingia hapo, hata kwa miaka miwili tu, yeye ni kaka mpaka kaburini, na kaka hakataliwi. Huwezi kumwambia kaka ngoja kwanza nisome. Ni sawa na kualikwa kula ukaanza kuinusa supu ya mwenyeji. Mdogo husema ndiyo, na kaka, ili asimsumbue mdogo wake, huwa ameshaziandika zile sentensi mbili yeye mwenyewe. Mtu anajisifu kwa mdomo wa mwenzake na wote wawili wanaona ni adabu. Inatia kinyaa, na Noh alikuwa amekwisha kuizoea hata haisikii tena harufu yake. Uso wake ulikuwa kwenye mishipi arobaini na mitatu.

Wa arobaini na nne ulikuja Julai, mvua zikimwagika. Aliyepiga simu alikuwa Profesa Pyo Jae-mun, bingwa wa elimu ya sumu, aliyemtangulia chuoni kwa miaka saba. Kitabu chake kiliitwa Jamii Isiyoogopa. Akamsomea kwenye simu maneno aliyokwisha kumwandalia: "Kila raia anayeipenda nchi hii akisome. Hatimaye amepatikana mtu wa kuwaambia watu ukweli kuhusu hofu zao." Noh alikuwa jikoni anakata tango. Alisema sawa, kaka, akaendelea na tango lake. Muswada uliletwa kwenye kompyuta na hakuufungua. Septemba ilipofika alikiweka kitabu namba mbili kwenye orodha, kwa kuwa namba moja ilikuwa imeshaombwa na kaka mwingine.

Katikati ya Oktoba simu ikalia tena, na sauti aliyoisikia ilikuwa nyembamba, inayokatika kila baada ya maneno matatu kuvuta pumzi. Mwenye sauti alisema ni Mama Gil-jun, wa Mubong. Noh alikaa chini.

Miaka thelathini na sita nyuma, akiwa msichana wa miaka ishirini na tisa anayetafuta shahada ya udaktari, Noh alikaa Mubong miezi mitatu ya baridi. Wanawake wote wa kijiji walikuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha viatu, kwenye chumba kisicho na madirisha, wakifuta gundi kwenye soli kwa dawa waliyoichota kwa makopo ya maziwa. Waliita ile dawa "maji matamu" kwa sababu ya harufu yake. Walikohoa. Noh alilala nyumbani kwa Mama Gil-jun, upande wa sakafu uliopashwa joto na moto unaowashwa chini yake, na mwenye nyumba akalala mlangoni kwenye ubaridi. Alilishwa uji wa mchele alipougua mafua. Akawaandika, na kitabu alichokitoa juu ya kikohozi chao ndicho kilichomfungulia njia ya uprofesa.

Miaka mitatu baadaye serikali ilituma tume. Ilikaa Mubong nusu siku, ikala chakula cha mchana kwa meneja wa kiwanda, ikaamua kwamba kikohozi kilitokana na moshi wa majiko. Aliyeiongoza alikuwa Pyo Jae-mun. Noh aliandika makala moja ya hasira. Kaka mmoja akamshauri apunguze moto, kuna nafasi ya kazi inamsubiri. Akaupunguza, nafasi akaipata, na Mubong hakurudi tena.

Mama Gil-jun hakuyataja hayo. Alisema tu kwamba siku hizi wanalo darasa la wazee kwenye ukumbi wa kijiji, na kwamba huu ni mwaka wa nne tangu wajifunze kusoma. Maktaba ya wilaya iliwaletea nakala kumi na mbili za kitabu kutoka kwenye ile orodha, wanakisoma kwa sauti kila Jumatano, na sasa wamefika mahali pagumu. Wanaomba Mwalimu aje awaelekeze. Noh aliuliza ni kitabu kipi, ingawa alikuwa ameshakisia.

Alikichomoa rafuni asubuhi ya Jumatano, bado kimo ndani ya nailoni yake. Aliichana nailoni kwenye treni.

Sura tano za kwanza zilikuwa za mtu anayejipenda, hakuna ubaya mkubwa. Ya sita iliitwa "Kijiji Kilichokohoa kwa Pamoja." Noh aliisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaenda kwenye choo cha treni akasimama mbele ya kioo. Alikuwa anajua kwamba Novemba ombi la wanawake wa Mubong, wakitaka tu iandikwe kwamba ugonjwa wao ni wa kazini, lingerudi mezani mbele ya tume mpya. Alikuwa amesoma magazetini, pamoja na nchi nzima, kwamba Pyo ndiye atakayekuwa mwenyekiti. Na sasa akaelewa kwa nini watetezi wa kiwanda walikuwa wanakitembeza kitabu hiki kila mahali: kuonyesha kwamba hata Noh, yule yule aliyewalilia wanawake wa Mubong zamani, sasa amekubali kwamba ilikuwa hofu tu.

Alimpigia Pyo akiwa amesimama kati ya mabehewa.

"Kaka, nimefika sura ya sita."

"Umekisoma?" Pyo alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Basi wewe ni wa kwanza. Hata mhariri wa gazeti hajafika huko."

"Wale wanawake nawajua. Nataka jina langu litoke."

"Wewe nawe, Noh. Litoke vipi, wakati chapa ya tatu iko mtamboni?" Akashusha sauti ikawa ya upole, ule upole wa kaka. "Sikiliza, mdogo wangu. Utawaambia watu nini? Kwamba ulikisifu bila kukisoma? Haya, waambie. Kesho yake watakuuliza na vile vingine arobaini. Umebakiza miezi minne kustaafu, wanafunzi wako wanakuandalia sherehe. Mbona unataka kujimwagia uchafu mwenyewe?"

Kilichomchafua Noh roho zaidi ni kwamba sehemu moja ya moyo wake ilimshukuru Pyo kwa kumkumbusha. Alikata simu akarudi kwenye kiti chake. Njia nzima iliyobaki alikuwa akipiga hesabu ya watu watakaomcheka, na kila alipomaliza alianza upya.

Teksi ilimshusha mbele ya ukumbi wa wazee saa nane mchana. Mlangoni kulikuwa na jozi tisa za ndara za mpira, zimepangwa vizuri. Alivua viatu akaingia. Sakafu ilikuwa ya moto, na wanawake tisa walikuwa wameizunguka meza fupi ndefu, kila mmoja na kitabu chake, na kila kitabu na mshipi wake. Nyuso tisa za Noh, na vidole tisa mashavuni.

Walimpokea kwa kelele. Walimshika mikono, wakamwambia amezeeka, wakamwambia amekonda, wakamsukumia viazi vitamu vya kuchoma na chai ya shayiri. Mama Dal-su, aliyekuwa na utani tangu zamani, alisema kwenye picha ya gazeti Mwalimu anaonekana kama anaumwa jino. Mama Gil-jun hakuinuka. Alikuwa ameegemea ukuta, mpira wa hewa umepita puani mwake, na mtungi umesimama ubavuni. Kwenye jalada la daftari lake alikuwa ameandika jina lake la kuzaliwa, ambalo Noh hakuwahi kulisikia siku zote tisini alizolala kwake: Ok Bun-nam. Ndilo neno la kwanza wanalofundishwa kuandika, Mama Dal-su alieleza, na nusu yao walikuwa wamelisahau.

Viazi vikaisha. Mama Gil-jun akasema Mwalimu awasomee. Ukurasa wa mia na hamsini.

Noh alifungua. Mstari wa mwisho wa sura ya tano ulikuwa hapo juu, na chini yake kichwa cha sura ya sita. Alisoma ule mstari. Kisha, kwa wepesi wa mtu aliyefundisha miaka thelathini, akafunua kurasa kadhaa kwa mkupuo akaanza sura ya saba, iliyohusu maji ya kunywa.

"Mwalimu, umeruka," alisema Mama Dal-su. "Hapa nikiruka mstari mmoja tu nachekwa mpaka jioni."

Wakacheka. Noh naye akacheka, akaomba radhi, akasingizia miwani. Alirudi nyuma. Vidole tisa vilikuwa vimeshawekwa chini ya neno la kwanza, vidole vyenye kucha nene za manjano, vinamsubiri.

Akasoma.

"Wanawake wa Mubong hawakujua kusoma. Mtu asiyejua kusoma hawezi kutofautisha harufu na sumu. Mmoja alikohoa kwa moshi wa jiko lake, jirani yake akamsikia, na kufikia majira ya kuchipua kijiji kizima kilikuwa kikikohoa. Tulipowapima tulikuta mapafu yaliyochoka, kama ya mwanamke yeyote wa mashambani. Tulichokikuta kwa wingi ni kuambukizana hofu. Mmoja alitulilia kwamba mumewe amekufa kwa dawa ya kiwanda. Mumewe hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Hiki ndicho kipimo cha ujinga tuliokutana nao, na jamii inayousikiliza ujinga huu kwa huruma inajichimbia shimo."

Sauti yake ilikuwa inasikika kama ya mtu mwingine. Alijua ni nani aliyelia mbele ya tume. Mume wa Mama Gil-jun hakufanya kazi kiwandani, ni kweli. Alikuwa akikaa karibu na jiko kila jioni akimsaidia mkewe kufuta kwa ile dawa soli mia mbili zilizoletwa nyumbani kwa ziada, katika chumba kile kile alicholala Noh. Na hilo Noh alikuwa ameliandika, kwenye kitabu chake cha kwanza, ukurasa wa arobaini. Pyo hakukisoma kile, na Noh hakukisoma hiki. Wasomi wakubwa, wamesifiana maisha yao yote na hakuna aliyemsoma mwenzake.

Alipomaliza sura hakuthubutu kuinua macho. Alipoyainua hakuona hasira. Hakushtuka hata mmoja. Walikuwa wanamtazama kwa hamu, kama wanafunzi wanavyomtazama mwalimu kabla hajageukia ubao.

"Hapo ndipo pagumu petu," alisema Mama Gil-jun. Alivuta pumzi. "Tumepasoma wiki tatu. Siku ya kwanza tulinyamaza. Mama Dal-su alitaka kwenda kukitupa chooni. Nikamwambia subiri. Kyong-suk amekisifu, na Kyong-suk anatujua, kala kwetu. Hawezi kusifu matusi. Lazima kuna kitu humu ambacho sisi hatukioni, maana tumejifunza kusoma uzeeni." Akavuta tena. "Tukarudi mwanzo wa sura. Tukasoma upya, taratibu. Bado hatukioni. Kwa hiyo tuonyeshe. Ulipokisoma wewe, hapo ulionaje?"

Maneno yalimjia Noh yenyewe, bila kuitwa. Kwamba mwandishi anaeleza mtazamo wa zama zile. Kwamba kitabu kinasomwa kwa ujumla wake. Kwamba kusifu ujasiri wa hoja si kukubali hoja. Miaka thelathini alikuwa akiwauzia watu maneno ya namna hiyo, na yalikuwa yamejipanga foleni nyuma ya meno yake, masafi, yamenyooshwa pasi. Na angeaminiwa. Hilo ndilo lililomshinda hasa: kwamba wanawake hawa tisa wangeitikia kwa vichwa, wangeandika kwenye madaftari yao, wangerudi nyumbani wakijilaumu kwa uzito wa akili zao.

"Sikukisoma," alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mama Gil-jun akauliza ni lini hakukisoma.

"Sikuwahi kukisoma. Nimekisoma leo asubuhi, kwenye treni."

"Na haya maneno ya kwenye mshipi?"

"Aliyaandika yeye. Alinipigia simu, nikasema sawa."

Mashine ya mtungi ilikuwa inafoka kidogo kidogo. Mama Dal-su, ambaye hata msibani hukosi kumsikia anachekesha, alikifunga kitabu chake na kukilaza mezani, uso wa Noh chini.

"Kumbe tunajua kusoma," alisema.

Mmoja akaanza kulia, si kwa sauti. Mwingine akamfinya goti amnyamazishe. Noh aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa sakafu ya moto, akaomba msamaha, akarudia, akahisi hata kuinama kule kuna uigizaji ndani yake, maana alikuwa ameinama hivyo mbele ya makaka wengi. Mama Gil-jun alimwambia akae sawa. Kisha akalisukuma daftari lake mezani, lile lenye miraba ya kuandikia watoto, na penseli juu yake.

"Andika," alisema. "Hayo hayo uliyosema. Weka na jina lako. Tutalipeleka kwenye tume pamoja na ombi letu."

Noh aliishika penseli. Aliwaza sherehe ya kustaafu, na mishipi arobaini na minne, na sauti ya mhariri wa gazeti, na wanafunzi waliopata kazi kwa barua zake za sifa ambazo nazo, akiulizwa ukweli, ni ngapi alizifikiria? Akaandika. Aliandika kwamba yeye, Noh Kyong-suk, alikisifu kitabu kile bila kukisoma, kwamba maneno ya kwenye mshipi si yake, na kwamba anayafuta. Alitia jina na tarehe. Kwa mara ya kwanza siku ile alihisi kitu kinachokaribia unafuu.

Mama Gil-jun aliligeuza daftari likamwelekea. Alisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, akipumzika katikati ya maneno marefu. Wengine walisikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye jina alirudi juu akasoma tena kimyakimya, midomo ikicheza.

"Bado," alisema.

Noh aliuliza kimebaki nini.

"Umeandika kwamba hukukisoma. Hilo ni uvivu, hata mimi mvivu." Alivuta hewa, akaisubiri iingie. "Hujaandika kwamba ulijua ni nani alikuja hapa na ile tume. Hujaandika kwamba ulikuwa unatujua sisi. Kyong-suk, mume wangu ulimwona kwa macho yako akifuta zile soli."

Akaisogeza penseli kwa ncha ya kidole mpaka ikamgusa Noh mkononi, na Noh akaanza mstari mwingine.